Uwele, Mlenda na Alizeti: Historia ya Jiko la Mtinko

Mtinko iko kaskazini ya mji wa Singida, ukishaipita Ilongero, katika nchi ya Wanyaturu. Mvua yao ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au karibu na hapo, na udongo mwingi ni wa kichanga. Kwa hiyo ugali wa huko huanzia zizini. Pasipo samadi, shamba huchoka upesi.

Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na jirani zao Wahi, tawi jingine la Wanyaturu, mnamo 1959 na 1960, alieleza mzunguko huo katika kitabu alichokitoa mwaka 1970. Mwaka wa neema, nafaka ya ziada ilinunua mbuzi, na mbuzi hatimaye ng'ombe. Ng'ombe wakaleta samadi, samadi ikaleta nafaka. Njaa ilipoingia, mfugo ulirudi kuwa chakula.

Jikoni, uwele na mtama ndio wakubwa. Uwele hulowanishwa kidogo, hutwangwa kinuni, hupepetwa, kisha husagwa. Zamani kwa jiwe, na mama aliyepiga magoti. Ugali wake ni wa kijivu, mzito, na huchelewa kuondoka tumboni, jambo analolijua kila aliyeshika jembe kutwa. Mboga yake ni mlenda uliopikwa kwa magadi, ukatiwa karanga zilizopondwa, au maziwa ya mgando pembeni. Masika majani huchumwa mabichi. Mengine huanikwa na kutwangwa yawe unga, ndiyo mboga ya kiangazi wakati kondeni hakuna jani. Hekima hiyo ya wanawake ingestahili kuandikwa mapema kuliko habari za machifu.

Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilihamisha watu kwenda kuishi pamoja vijijini, na kwa wengi mashamba yaliyolishwa samadi miaka mingi yakabaki mbali na nyumba. Mahindi nayo yalikuwa yakipanda hadhi: kuyakoboa ni rahisi, na kweleakwelea hawayashambulii kama wanavyoushambulia uwele, ambao watoto huuamia kutwa nzima. Watafiti wakajibu kwa mbegu za uwele zinazokomaa mapema. Mwaka 1994 zilitolewa Okoa na Shibe, majina yanayosema wazi zilitakiwa kufanya nini.

Alizeti ndiyo iliyobadilisha mfuko. Inavumilia ukame, mafuta yake hukamuliwa humu humu mkoani, na mashudu hulishwa mifugo. Mlenda uliozoea karanga sasa huungwa kwa mafuta ya nyumbani, na mahitaji ya shule hutoka katika magunia ya alizeti hiyo hiyo. Ni baraka ya kweli. Lakini anayeotesha alizeti shamba zima huiuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha Januari ananunua sembe dukani bei ikiwa juu. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa wa uwele, ulezi, mtama na jamii zake. Mtinko haikuhitaji kuambiwa. Inahitaji mashine za kukoboa uwele karibu na nyumba, ili anayetaka kuupanda asiuache kwa kuogopa mchi.