Matembezi ya Ng'ambo ya Kisauni

Msafiri aendaye Mombasa kwa mapumziko huvutwa kwanza na kisiwa: Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na vichochoro vya Mji wa Kale. Akiisha kuridhika huvuka daraja la Nyali, akaenda pwani ya Kisauni kuogelea na kupunga upepo. Njiani hupita, pengine bila kujua, mahali pastahilipo kusimama kitambo.

Mahali hapo ni Kengeleni. Jina limetokana na kengele iliyotundikwa hapo zamani, na mnara wake ungali upo kando ya barabara. Mwaka 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja kumtaka Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mkataba haumlishi mtu wala haumpi makao. Watu waliookolewa majahazini walikuwa mbali na nchi zao, wengine wametekwa tangu utotoni, nao hawakuwa na pa kurudi. Kwa ajili yao wamisionari wa CMS walianzisha kijiji Kisauni mwaka 1875, kikaitwa Frere Town.

Miongoni mwa wakazi wake walikuwamo Waafrika waliokwisha kukombolewa kabla na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi, ambao walifaa kwa ualimu na ufundi. Wengine walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa kando ya ziwa Nyasa. Kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili kikawaunganisha.

Inasimuliwa kwamba kengele ilipigwa kuwaonya wakazi hatari ilipokaribia. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Wenye watumwa wa Mombasa walikichukia kijiji ambacho watoro wao wangeweza kukikimbilia, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Basi kwa miaka 32 watu huru walilima na kusomesha watoto wao, na jirani zao wangali watumwa. Hebu fikiri, msomaji, mtu alalaje usingizi katika ujirani wa namna hiyo.

Atakaye kuendelea na matembezi na ashike njia ya kaskazini mpaka Bamburi. Huko kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na uchimbaji wa mawe ya matumbawe ukaacha mashimo makavu, meupe, yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kuyapanda miti. Mivinje ikastahimili, majongoo wakala majani yake makavu, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo watu hutembea pale chini ya kivuli, wakatazama twiga na viboko.

Wageni wengi huifahamu Bamburi, wachache huuliza habari za Kengeleni. Twiga huonekana kwa macho tu, lakini mnara mdogo kando ya barabara hausemi neno mpaka uulizwe. Wahenga walisema, tembea uone. Nasi vijana wa leo, tutembeapo, tusione haya kuuliza wenyeji: jina hili la mahali lilitoka wapi, na ni nani waliolala hapa wakiisikiliza kengele?