Baga ya Nsambya na Neno "Hapa"

Siku hizi baga si chakula cha hoteli kubwa tu. Ukipanda Nsambya utakuta mikahawa midogo, viti vya plastiki, nyama inakaangwa mbele ya macho yako. Kwenye mmoja wameandika ukutani kwamba chakula chao chote ni cha hapa hapa Uganda. Vijana wawili wa kikundi chetu wanafanya kazi jikoni pale, ndiyo maana nikaanza kujiuliza: "hapa" maana yake nini? Tuifungue hiyo baga tuone.

Nyama haina ubishi. Ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, wamekaa kusini-magharibi karne na karne. Wewe unayesoma ukiwa Nakivale unawajua, maana Isingiro ni nchi yao.

Chipsi sasa. Viazi vinatoka Kabale, kwenye milima ya Kigezi. Sawa, lakini Kiswahili kinaviita viazi ulaya, na Kampala watu wanasema airishi, yaani vya Ireland. Majina yote mawili yamekosea. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Vilipita Ulaya vikaja huku wakati wa ukoloni, wakulima wa Kigezi wakavifanya vyao. Leo nani atamwambia mkulima wa Kabale kwamba analima chakula cha wageni? Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinaletwa kwa meli kutoka Misri. Wakenya walikasirika: viazi vyetu vina kosa gani? Walisema "vyetu", na hakuna aliyewauliza kuhusu Andes.

Mkate ndio unaharibu hesabu. Uganda inalima ngano kidogo, kwa mfano kule Kapchorwa, lakini nyingi inanunuliwa nje. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, bei ya unga ilipanda mpaka kwa muuza chapati wa kona.

Na chapati yenyewe? Kuanzia 1896 Waingereza walileta Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na wafanyabiashara wakawafuata. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Watu waliondoka, chapati ikabaki. Wauzaji wa Wandegeya, karibu na Makerere, wakaikunja na mayai ikawa roleksi, na leo Uganda inawaonyesha watalii roleksi kama chakula chake.

Hata kilima chetu kiko hivyo hivyo. Nsambya ni jina la mti. Mapadri wa Mill Hill walifika Buganda 1895 kutoka Uingereza. Mwaka 1903 akaja Mother Kevin, sista wa Ireland, akaanzisha hospitali, na leo kuna mtaa unaitwa Kevina. Baadaye reli ikajenga nyumba za wafanyakazi, polisi wakajenga kambi yao, na Kiswahili kikasikika kilimani kabla sisi Wakongo hatujafika na vitenge na sombe.

Kuna neno moja limebeba historia hii yote: posho. Kwa Kiswahili cha pwani, posho ni chakula anachogawiwa mpagazi, askari au kibarua. Uganda posho ni ugali wenyewe. Mgao wa unga ulizoeleka mpaka ukageuka jina la chakula. Sisi tuliopita kambini tunaelewa. Mahindi, maharage, mafuta, chumvi: mtu mwingine amekuchagulia. Mwaka 2025 WFP ilikata hata hiyo kwa wakimbizi karibu milioni moja nchini Uganda. Na sisi wa Kampala kwa kawaida hatupewi posho kabisa, kwa sababu tunahesabiwa kuwa tunajitegemea.

Kwa hiyo ndugu zetu wa kambini, mkisikia "vijana wa Nsambya wanakula baga", msifikiri ni anasa tu. Wengi wanaipika kuliko kuila. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea nchini, jambo ambalo nchi nyingi zinatunyima, na kwa hilo tunaishukuru Uganda. Kijana anayelipwa Jumamosi na kuamua mwenyewe ale nini ametoka kwenye posho. Hilo si dogo.

Lakini kuna mpaka ambao baga imevuka na yeye hajavuka. Katiba ya 1995, kifungu cha 10, inasema raia kwa kuzaliwa ni yule aliyezaliwa Uganda na mzazi au babu au bibi wa makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, au mwenye mzazi au babu au bibi aliyekuwa raia wa namna hiyo. Treni yenyewe ilifika Kampala 1931, miaka mitano baada ya tarehe hiyo! Kifungu cha 12, kinachohusu uraia wa kuandikishwa, kinamtoa waziwazi mtu ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi.

Mmoja wa wale vijana wawili alizaliwa hapa Kampala. Mama yake alitoka Bukavu. Anaongea Kiganda kuliko Kiswahili. Kila siku anamenya viazi vya Andes ambavyo ukuta unaviita vya hapa, na mfukoni ana karatasi inayomwita mkimbizi.

Simlaumu mwenye mkahawa. Maandishi yake ni ya kweli, kwa sababu kitu kinakuwa cha hapa kwa mikono inayokilima, inayokipika na inayokila. Ndivyo viazi vilivyopata uraia, ndivyo chapati ilivyopata. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnapotufundisha "kujitegemea", tufundisheni na hesabu hii pia: mtu ajitegemee miaka mingapi ndipo aitwe wa hapa? Kiazi hakikuulizwa. Sisi tunaulizwa kila tunapoenda kubadilisha karatasi.