Kompyuta Inapoamka

Somo la leo ni la historia, lakini hatutataja wafalme wala vita. Tutasimulia habari za karatasi ya amri.

Tuanze na kitu mnachokifahamu, yaani meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma katika masanduku 5,000 hivi, ikaunganishwa tena. Siku zile ilikwenda kwa mvuke. Kabla ya safari ilibidi kutia moto mapema, kungoja maji yachemke, na kutazama kipimo cha mvuke. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Sasa fikirini: kama mtu alikuwa na daftari lenye amri zote za kuianzisha safari, tangu kutia moto mpaka kufungua kamba, daftari lile lilimfaa nini baada ya hapo? Amri ya kutia moto haikuwa na kazi tena. Lakini amri ya kuhesabu abiria, na ya kupiga honi, na ya kufungua kamba, zilibaki vile vile. Kama angaliandika mambo ya injini katika ukurasa wake, na mambo ya safari katika ukurasa mwingine, angalibadili ukurasa mmoja tu.

Kompyuta nayo ina daftari la namna hiyo. Umeme unapoingia, mashine haijui karibu neno lolote. Kwanza husoma programu ndogo sana iliyohifadhiwa ndani yake. Programu hiyo huita programu kubwa inayosimamia kazi zote, ambayo huitwa mfumo endeshi. Kisha mfumo endeshi hufuata hati ya amri: kagua diski, soma saa, fungua njia ya mtandao, washa mashine ya kuchapa, mkaribishe mtumiaji. Amri moja ikikosea, huenda kompyuta isiamke kabisa, hata kama mashine yenyewe ni nzima.

Zamani hakuna aliyetazamia kwamba amri za mashine moja zitafaa kwa mashine nyingine. Nchi yetu iliyaona hayo mapema. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza katika Tanzania, ICT 1500. Iliuzwa na kampuni ya Kiingereza, lakini asili yake ilikuwa Marekani, katika kampuni ya RCA. Kampuni hiyo hiyo ya Kiingereza iliuza pia mashine za jamii ya 1900, nazo zilikuwa na ukoo mwingine kabisa, na lugha nyingine ya ndani. Aliyetoka katika 1500 kwenda katika 1900 hakuweza kubeba programu zake kama mtu abebavyo mzigo wake. Ilimpasa kuandika upya. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, fedha za kigeni zikiwamo, lakini kazi ya hesabu kuharibika katika mashine ilikuwa mojawapo. Kwa nchi maskini, kila mashine mpya inayodai kazi yote ianzwe upya ni gharama mara mbili.

Tuvuke bahari sasa, kwa kuwa dawa ilianza kutafutwa huko. Mwaka 1969, katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo endeshi ulioitwa Unix. Mwanzoni uliandikwa kwa lugha ya mashine moja tu. Mwaka 1973 wakauandika upya kwa lugha ya C, ambayo Ritchie aliibuni, na ambayo yaweza kutafsiriwa kwa mashine za aina nyingi. Mwaka 1977 watu wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, waliuhamishia katika mashine ya Interdata, isiyofanana na ile ya kwanza. Basi mfumo ukawa umejua kuhama.

Hati ya kuwashia je? Hii ilichelewa. Iliitwa rc, nayo ilikuwa orodha moja ndefu. Kila mwenye kompyuta aliongeza mstari wake, huyu jina la diski yake, yule jina la mashine yake ya kuchapa. Ukiichukua orodha ile na kuipeleka kwingine, ilikuwa kama kupeleka daftari la mvuke kwenye dizeli.

Tena lilikuwapo jambo la lugha. Hati hizi husomwa na mkalimani wa amri, ambaye naye ni programu. Mwaka 1979 alitokea mkalimani wa Steve Bourne, akapendwa. Baadaye wengine walitengeneza wakalimani wao, kila mmoja na maneno yake ya ziada. Ninyi mnajua mambo haya kuliko mabwana wale. Mtu wa Kasulu akichanganya Kiha katika barua ya Kiswahili, jirani yake ataisoma bila taabu, lakini mtu wa Lamu atakwama. Ndiyo maana mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Watu wa kompyuta walifanya vivyo hivyo mwaka 1992: waliandika sheria ya lugha ya amri, iitwayo POSIX, ili hati iliyoandikwa kwa usanifu isomwe popote.

Sheria kuandikwa ni jambo moja na kufuatwa ni jambo jingine. Mwezi wa Oktoba 1906? La, sikilizeni vizuri, Oktoba 2006. Mfumo uitwao Ubuntu, jina ambalo wenzetu wasemao Kirundi hawana haja ya kufasiriwa, ulibadili mkalimani wake. Ulimweka mwepesi zaidi, anayefahamu usanifu na ziada kidogo tu. Papo hapo hati nyingi zikakataa kufanya kazi. Waandishi wake walidhani wanaandika kwa usanifu, kumbe walikuwa wakisema lugha ya nyumbani.

Kwa maoni yangu, waliofanya kazi safi kuliko wote ni watu wa NetBSD, mfumo unaotumika katika mitambo ya aina zaidi ya 50. Mwezi wa Desemba 2000 walitoa toleo ambalo orodha ndefu imekatwa kuwa hati ndogo ndogo. Kila hati inataja mambo mawili: mimi naleta nini, na kabla yangu nahitaji nini. Hati ya barua husema, nahitaji mtandao. Programu nyingine huzisoma zote na kuzipanga. Mambo ya mashine yako wewe huandikwa katika faili la pembeni. Januari 2003 jirani yao, FreeBSD, akauchukua mpango huo, na hilo ndilo jaribio lake la kweli.

Msidhani ugomvi uliisha. Mwaka 2010 ulitokea mpango uitwao systemd. Huu umeziacha hati nyingi za zamani, nao umewarahisishia kazi jamaa wa Linux, maana maelezo yale yale hufaa kwa Linux za kila namna. Lakini nje ya Linux haufanyi kazi. Februari 2014, kamati ya wataalamu wa Debian iliuchagua baada ya mabishano makali. Kura zililingana, ikabidi mwenyekiti aamue. Debian wakati ule ilikuwa ikijaribu pia kutumia kiini cha FreeBSD. Waliochukia wakajitenga mwaka ule ule, wakaanzisha Devuan.

Kazi ya darasa. Kila mmoja aandike katika daftari amri kumi za kuanzisha mashine ya kusaga unga ya kijijini kwake, tangu kufungua mlango mpaka kupokea debe la kwanza. Kisha apige mstari chini ya zile ambazo zingebadilika kama injini ya dizeli ingeondolewa na kuwekwa ya umeme. Mwalimu azikusanye.