Mwalimu wa Drama Alifunzwa na Nani?

Leo hakuna video. Hii stori haitoshei sekunde tisini, kwa hivyo tafuteni chai mkae.

Mwaka huu wa 2026 darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeingia sekondari ya juu, na kwenye ile njia ya Sanaa na Michezo kuna somo la maigizo na filamu. Hatuongelei klabu ya Ijumaa jioni. Ni somo kamili, liko kwenye ratiba kama Hesabu. Tangu hizo habari zienee, watu wananiuliza kila wiki: "Bro, mtu anasomea wapi kuwa mwalimu wa drama?" Wengine ndio wamemaliza shule juzi, wengine wako na digrii ya kitu kingine na wamechoka kukaa nyumbani.

Jibu la ofisini ni fupi. Ili TSC ikusajili kufundisha sekondari, unahitaji wastani wa C+ kwenye KCSE, C+ katika masomo mawili utakayofundisha, halafu digrii ya ualimu, ama digrii nyingine ukiongeza diploma ya ualimu juu yake. Kwa mtu wa drama, hayo masomo mawili kwa miaka mingi yamekuwa Kiingereza na Fasihi, ama Kiswahili na Dini, ama Kiswahili na Historia. Drama haikuwa somo, kwa hivyo hakuna mtu aliyeandikwa kazi kwa sababu ya drama.

Na bado drama ilifundishwa. Kila mwaka, muhula wa kwanza, shule zinashindana kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kaunti, mkoa, mpaka taifa. Kuna tamthilia, ngoma, ushairi wa kikundi, masimulizi, siku hizi hata filamu. Nyuma ya kila mchezo kuna mwalimu aliyebaki shuleni mpaka giza liingie, na asubuhi anasahihisha insha kama kawaida. Huyo mtu alifunzwa na nani? Nimesoma sana hii miezi, na majibu niliyopata yamenipeleka mbali kuliko nilivyodhani. Mengine yako hapa hapa Nyeri.

Anza na Alliance, kule Kikuyu. Edward Carey Francis aliiongoza shule hiyo kutoka 1940 hadi 1962, na katika miaka hiyo mchezo wa Shakespeare ulikuwa sehemu ya kalenda ya shule kama vile michezo ya uwanjani. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia hapo 1955 na ameeleza hayo maisha kwenye vitabu vyake. Kijana alijifunza kusimama wima, kutoa sauti, kutamka Kiingereza cha mfalme akiwa amevaa nguo za mfalme. Mwaka wa 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, Kenya National Theatre ilifunguliwa Nairobi. Tamasha la drama la shule likaanza 1959, chini ya wazungu, michezo ikiwa ya Kiingereza. Mafunzo ya mwalimu yalikuwa hivi: uliigiza ukiwa mwanafunzi, ukakua ukawa mwalimu, ukaelekeza wengine vile wewe ulielekezwa. Hakuna cheti. Ulirithi tu, pamoja na makosa ya aliyekurithisha.

Sasa toka Alliance uje huku kwetu. Toka Mukurweini, pita Nyeri mjini, panda Tetu hadi Karuna-ini. Hapo alifundisha Dedan Kimathi, kabla hajawa yule mtu wa msitu tunayemwona kwenye sanamu ya Nairobi. Wengi tunajua alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa hapa Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wachache wanajua alikuwa mwalimu, na kwamba alikuwa na kikundi cha maigizo. Ngũgĩ ameandika kuhusu kikundi hicho, kiliitwa Gĩcamu. Fikiria hilo kidogo. Wakati Alliance ilikuwa inavisha vijana mataji ya Uingereza, kulikuwa na mwalimu wa kijijini Nyeri anayefanya maigizo na watu wake. Hakuna aliyempa diploma ya sanaa.

Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, huyu mama wetu wa Baricho, Kirinyaga, walipotaka kuandika mchezo kuhusu Kimathi katika miaka ya 1970, walienda Karuna-ini. Waliketi na watu waliomjua, wakiwemo aliowafundisha, wakasikiliza. Kwangu hilo ndilo somo la kwanza la mwalimu wa drama: kabla ya kuandika mstari mmoja, nenda ukasikilize wenye stori.

Lakini hao wawili pia walitoka kwenye mabadiliko fulani. Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika barua wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi iondolewe, na nafasi yake ichukuliwe na idara ambayo fasihi ya Afrika iko katikati. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni ugomvi wa maprofesa tu. Hapana. Chuo ndicho kinachopika walimu. Mwalimu aliyesoma masimulizi ya kwao chuoni akipelekwa shule ya Nyeri au Kakamega, hawezi kurudi na Shakespeare peke yake. Septemba 1974 kukawa na mkutano mkubwa pale Nairobi School kuhusu kufundisha fasihi ya Afrika mashuleni. Taratibu tamasha lenyewe likabadilika, watu kama Wasambo Were, aliyekuwa mkaguzi wa drama Wizarani, wakilisukuma likubali michezo ya Kikenya, lugha zetu na ngoma zetu.

Mwaka huo huo wa 1974, wanafunzi wa Nairobi walianza kikundi cha kusafiri na michezo bila kutoza kiingilio, wakifuata mfano wa Makerere, ambako wanafunzi walikuwa wamefanya hivyo tangu miaka ya 1960. Hebu waza unaigiza kwenye uwanja wa shule, hakuna taa, upepo unakula sauti yako, na mbele yako kuna mama amebeba mtoto ambaye hajalipa chochote na anaweza kuondoka dakika yoyote. Mtu akipita hapo, halafu mwaka unaofuata apewe darasa la Kidato cha Pili, huyo ashaiva. Hiyo ndiyo ilikuwa ngazi ya pili ya mafunzo, na tena haikuwa kwenye cheti.

Oktoba 1976, mchezo wa Kimathi ulipanda jukwaa la Kenya National Theatre. Ulipata siku chache tu, ukagawana nafasi na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga, kwa sababu ukumbi wa taifa ulikuwa umeshikwa na maonyesho ya kigeni. Imbuga naye alikuwa kijana wa Alliance, na baadaye akawa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, akafundisha watu ambao wakawa walimu. Ukiona mnyororo hapo, umeona vizuri.

Halafu 1977, Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Hii lazima kila mtu anayetaka kuwa mwalimu wa drama aijue. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika *Ngaahika Ndeenda* kwa Gĩkũyũ, Kĩmani Gecaũ akawa mwelekezi. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanyiwa nje, mchana, kila mtu akiona. Mzee akisikia mhusika mzee anaongea vibaya, anasimama na kurekebisha: sisi wazee hatuongei hivyo. Wafanyakazi wa viwandani walileta habari za mishahara yao na mchezo ukaongezewa. Wanakijiji wakajenga ukumbi wenyewe, wa watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Tarehe 31 Desemba polisi wakamchukua Ngũgĩ, akakaa kizuizini bila kesi mpaka Desemba 1978. Mwaka wa 1982 ukumbi ukabomolewa. Gecaũ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaishia Zimbabwe, na kazi yao ya maigizo ikafaidi watu wa huko.

Usiseme hayo ni ya zamani. Mwaka wa 2013 Butere Girls walizuiwa kupeleka *Shackles of Doom* kwenye tamasha la taifa mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Aprili 2025, shule ile ile, mchezo *Echoes of War*, mahakama tena iliamua waruhusiwe. Wasichana walifika Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, na nje polisi wakarusha vitoa machozi. Hao ni watoto wa shule wakiwa na maleba, jamani.

Sasa nirudi kwa somo jipya. Hoja yangu ni hii: serikali ya Kenya imependa drama ya shule tangu 1959, hata washindi hualikwa kuigiza mbele ya Rais, lakini haijawahi kumpenda mwalimu wa drama anayefanya kazi yake mpaka mwisho. Kwa hivyo mafunzo rasmi yakija, kuna hatari mbili.

Ya kwanza ni kwamba watu waliofanya hii kazi watafungiwa nje. Hapa nina maslahi, nisijifanye. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo na kodi vilipigana, kodi ikashinda. Siku hizi nasaidia klabu ya drama ya shule moja huku Mukurweini, nikialikwa na mwalimu wa Kiswahili ambaye ana vipindi vingi na mapenzi mengi kuliko muda. Najua kuweka mtoto mwenye aibu mbele ya watu akasikika hadi nyuma. Sina namba ya TSC, na sidai nipewe bure. Mtoto wa mtu hawezi kuachiwa kila anayepita na simu na tripodi. Lakini kuna watu wazima wenye miaka ishirini kwenye tamasha hili, waelekezi wa nje, ma-choreographer wa vijijini, ambao shule huwaita Januari na kuwasahau Mei. Wakati wa kupanga nani ni mwalimu wa somo hili, kuwe na njia ya kupima wanachojua na kuwaongezea wasichojua: saikolojia ya mtoto, kutunga mtihani, kulinda wanafunzi. Wapewe diploma ya mwaka mmoja au miwili, wakiendelea kufanya kazi. Fundi wa mkono tayari tunampima na kumpa cheti. Msanii kwani ana ubaya gani?

Hatari ya pili inanitisha zaidi. Ni kwamba tutatoa walimu wenye vyeti vizuri na woga mwingi. Kenyatta ina idara ya maigizo na filamu, vyuo vingine vitaanzisha kozi, na nina uhakika watafunzwa taa, sauti, kamera, historia ya Wagiriki. Lakini je, watafunzwa sheria? Mwalimu wa drama Kenya anafaa ajue Ibara ya 33 ya Katiba, ile ya uhuru wa kujieleza, kama anavyojua mazoezi ya pumzi. Ajue amri ya mahakama inapatikanaje, na mchezo unaweza kukataliwa kwa sababu gani halali. Asipojua, siku simu itapigwa kutoka juu atafuta mchezo mwenyewe kabla hajaambiwa, halafu watoto watajifunza kutoka kwake kwamba ukweli hufutwa hivyo.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza uanzie wapi: kama una C+ na karo, nenda ukasomee ualimu, chukua Kiswahili au Fasihi, na ufuatilie ni lini TSC itasajili maigizo na filamu kama somo lako la pili. Kama huna, anza na tamasha. Nenda zoni, kaa nyuma, sikiliza waamuzi wakieleza kwa nini mchezo umeanguka. Hayo maelezo yao ni darasa la bure. Soma tamthilia kwa sauti, hata *Kigogo* uliyoisoma ili upite mtihani tu. Jitolee kushona maleba. Panda Karuna-ini siku moja uone.

Na kila mmoja wenu, hata asiyetaka ualimu, nina ombi. Kuna mwalimu aliyestaafu karibu na wewe, pengine anauza maziwa asubuhi au anachuma kahawa yake, ambaye alipeleka shule yake taifa mwaka fulani. Majina yao hayako kwenye vitabu. Wiki hii mtafute, washa simu, mwulize mambo matatu tu: nani alikufunza, mchezo gani ulikupa shida, na uliacha lini na kwa nini. Akikubali isambazwe, nitumieni. Nitaziunganisha zote, na hiyo ndiyo itakuwa video yangu inayofuata.