Grace Geyoro, mtoto wa Kolwezi

Swali lilitoka kwa binti wa miaka kumi na tatu, Jumamosi moja baada ya mazoezi, hapa Rwimbogo. Tulikuwa tumekaa kivulini, tunagawana maji ya kidumu kimoja, na mimi nawaonyesha kwenye simu picha ya dada mmoja mwenye jezi ya buluu ya Ufaransa. Nikawaambia: huyu alizaliwa Kolwezi. Wakanyamaza. Kisha yule binti akauliza: “Sasa Yaya, huyu ni wetu ao ni wao?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nikaenda kutafuta.

Onema Grace Geyoro alizaliwa tarehe 2 Julai 1997. Tarehe 17 Mei mwaka huo huo askari wa Laurent-Désiré Kabila walikuwa wameingia Kinshasa, Zaire ikafutwa, nchi ikarudia jina la Kongo. Basi Grace alizaliwa katika nchi ambayo jina lake lilikuwa halijafikisha hata miezi miwili. Kolwezi ni mji wa migodi, wa shaba na kobalti, na watu wake wanasema Kiswahili kama sisi. Familia yake ilihamia Ufaransa yeye akiwa bado mtoto mdogo sana.

Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vikaanza. Mwaka huo tunaujua, maana wazazi wetu wanahesabia nao. Lakini kuna jambo la mwaka huo ambalo mimi sikuwahi kulisikia nyumbani: mwezi wa kumi, nchi ikiwa vitani, timu ya wanawake ya Kongo ilicheza kombe la Afrika kule Nigeria ikashika nafasi ya tatu. Ya tatu Afrika nzima! Wale wanaosema eti mpira wa mabinti ni mambo ya Wazungu, tuanze nao hapo.

Kwa hiyo kipaji kilikuwepo nyumbani. Kilichokosekana ni mahali pa kukilea. Mwaka 2012 Grace, akiwa na miaka 15, aliingia kituo cha vijana cha Paris Saint-Germain, na klabu hiyo hakuiacha mpaka 2025. Mwaka 2016 akawa bingwa wa Ulaya wa wasichana chini ya miaka 19. Januari 2017 akachezea timu kubwa ya Ufaransa kwa mara ya kwanza, tena dhidi ya Afrika Kusini. Mwaka 2021 yeye na wenzake waliipa PSG ubingwa wa Ufaransa, wakati Lyon walikuwa wameuchukua miaka 14 mfululizo. Baadaye akawa nahodha.

Anacheza kiungo, kwetu tunasema milieu. Nafasi hiyo kila mtoto anaikataa, nyinyi mnaofundisha mnajua. Wote wanataka kukaa mbele wafunge. Milieu anakimbia kwenda na kurudi, ananyang'anya, anapasi, halafu anayeshangiliwa ni mwingine. Ndiyo maana mechi ya tarehe 10 Julai 2022, kombe la Ulaya kule Uingereza, nimewasimulia mabinti mara nyingi mpaka wananicheka. Ufaransa na Italia. Grace anafunga dakika ya 9, anafunga ya 40, anafunga ya 45. Mabao matatu kabla ya mapumziko! Katika kombe hilo la wanawake hakuna aliyewahi kufanya hivyo kipindi cha kwanza. Mechi ikaisha 5 kwa 1.

Si kila siku ilikuwa tamu. Julai 2025, robo fainali mjini Basel, Mjerumani alipewa kadi nyekundu mapema, Grace akapiga penalti ikaingia, na bado Ufaransa ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Miezi miwili baadaye akahamia London City Lionesses, kwa bei ambayo magazeti yaliitaja kuwa zaidi ya pauni milioni moja.

Sasa, ni wetu ao wao? Mimi nasema ni wetu kwa kuzaliwa, na wao wana haki yao kwa kazi ya kumlea. Lakini kuna kitu cha tatu, nacho ni karatasi. Kanuni ya FIFA ni kwamba timu ya taifa ni ya mwenye uraia wa nchi hiyo. Kambi ya Kiziba, kule Karongi, ipo tangu 1996. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa pale Julai 1997 ana umri wa Grace kamili, labda hata mguu wake, na bado ni mkimbizi.

Mwaka jana binti mmoja wa kikundi chetu aliitwa kwenye majaribio ya timu fulani. Alicheza vizuri, wakamsifu. Walipouliza kitambulisho akatoa karatasi ya ukimbizi. Waliigeuza geuza, wakamwambia watampigia simu. Hadi leo.

Yule aliyeniuliza swali ni mdogo wake. Siku zote alikuwa analia apangwe mbele. Jumamosi iliyopita alikuja mapema kuliko wenzake, akaniambia: “Yaya, leo niweke katikati.”