Jiwe la Mugere na kamba za mjomba

Mjomba wangu aliendesha Hiace kati ya Rumonge na Bujumbura, kilomita sabini na kitu za kuandamana na ziwa, nami likizo nilikuwa konvoyeri wake, yaani utingo. Akipakia mgeni, tukifika Mugere hupunguza mwendo na kunyoosha kidole mlimani: "Pale, ndugu yangu, ndipo Stanley alipomkuta Livingstone." Mgeni mbio na simu, apige picha. Mjomba hunikonyeza kwenye kioo.

Kamba ilishika kwa sababu jiwe lipo kweli, limechongwa majina ya wote wawili na tarehe: 25-XI-1871. Ila watu hao walikwisha kuonana Ujiji, Novemba 10 kwa hesabu ya Stanley. Huku kwetu walikuja na mtumbwi kutafuta jambo moja: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Ungekuwa unatoka, huenda ziwa letu ndilo lingekuwa chanzo cha Nile. Wakakuta unaingia. Mugere walilala tu, siku mbili, wageni wa chifu Mukamba.

Hata ile salamu maarufu ya Ujiji, "Dk. Livingstone, bila shaka?", ina walakini. Kurasa za siku ile zimechanwa kwenye daftari la Stanley, na Tim Jeal, aliyeandika maisha yake, anaamini aliitunga baadaye. Basi mjomba alikuwa na mwalimu.

Bibi hakutaka kusikia neno kudanganya likitajwa juu ya mwanawe. Kudanganya, alisema, ni kwa anayekula hela ya mtu. Huyu anafunga kamba, na kamba hufunguliwa. Kirundi chake kilikuwa kikali zaidi: ukimwambia mkubwa kwamba anabesha, hata kwa kucheka, ulikula kofi. Na kweli mjomba hakumshusha mtu na kamba yake. Tukikaribia mji humwambia, "Walionana Ujiji, bwana, nilikuwa nakutania," na gari zima hucheka, mgeni akiwa wa kwanza.

Siku moja tulimpakia mama mmoja na bidoni zake nne za mawese. Mugere, kidole kikanyooka kama kawaida. Mama akalitazama jiwe mpaka likapotea nyuma yetu.

"Mwanangu," akasema, "na pale kwetu Ujiji, chini ya mwembe, alisimama nani?"

Mjomba alikaza macho barabarani. Tulipofika, aliniambia nisidai nauli ya bidoni.