Siwa na Muhuri: Historia ya Ishara za Utawala katika Vumba na Vanga

Mwaka 1369 Mfalme Louis wa Kwanza wa Hungaria aliutunukia mji wa Kassa, ambao leo huitwa Košice na umo nchini Slovakia, hati ya kuumilikisha nembo. Mji huo hutajwa kuwa wa kwanza barani Ulaya kupewa nembo kwa hati ya namna hiyo. Katika karne hiyohiyo, karibu na mlango wa Mto Umba, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, palikuwa na mji wa Vumba Kuu. Vumba Kuu haikuacha hati ya nembo wala ngao iliyochongwa. Kwa sababu hiyo, ishara za utawala wake zimezoeleka kutajwa kwa sentensi mbili tatu tu, kana kwamba mji usio na muhuri ni mji usio na dola. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba Vumba ilikuwa na nembo, ila nembo hiyo haikuchorwa: ilipigwa, ikasikika, na ilivaliwa mwilini.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Neno *nembo*, ambalo leo huleta akilini ngao ya serikali au alama ya kampuni, katika matumizi yake ya zamani lilikuwa na maana ya chale, yaani alama iliyochanjwa mwilini ili kumtambulisha mtu na jamaa zake. *Muhuri*, kwa upande wake, ni neno lenye asili ya Kiajemi, nalo liliambatana na waraka, wino na karani. Maneno haya mawili yalitoka katika ulimwengu tofauti. Kuyachukulia kama visawe, kama ifanyavyo lugha ya ofisi, ni kusahau kwamba moja lilikaa juu ya ngozi na la pili juu ya karatasi.

Chanzo cha mapema kinachotegemewa zaidi kuhusu Vumba ni makala ya A. C. Hollis, afisa wa serikali ya Kiingereza, iliyochapishwa mwaka 1900. Humo mtawala anaitwa Diwani, na utawala wake unatambulika kwa vyombo vyake: siwa, ngoma, kilemba na viatu. Msomaji aliyezoea kutafuta picha anaweza kuiona orodha hii kuwa ya mapambo tu. Hata hivyo, tukiisoma kama tunavyosoma matini, tunaona kwamba kila chombo kina kanuni zake za matumizi. Kilemba na viatu vilimtenga Diwani na umati uliosimama mbele yake. Maana yake ilitegemea kuwepo kwa wale wasioruhusiwa kuvivaa. Siwa nayo ilikuwa kauli. Haikusemwa na kila mtu, wala haikusemwa kila siku. Yafaa basi tusiitukuze kupita kiasi. Sauti iliyowakusanya watu iliwapanga pia, waungwana huku na wengine kule.

Kwamba hii haikuwa desturi ya Vumba peke yake kunathibitishwa na kumbukumbu ya safari ya Vasco da Gama. Alipofika Malindi mwaka 1498, Wareno walimwona mfalme chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Wareno nao waliacha nguzo ya mawe yenye msalaba na nembo ya mfalme wa Ureno. Mifumo miwili ya ishara ilikutana hapo ufukweni. Nguzo ilidai mamlaka kwa niaba ya mfalme aliyekuwa mbali sana. Siwa ilihitaji mtawala awepo, mpigaji awepo, na wasikilizaji wawepo. Tofauti hii ndiyo iliyokuja kuiumiza Vumba baadaye.

Kufikia karne ya 19, Wavumba walikwisha kuhamia Wasini na Vanga, na Sultani wa Unguja alikuwa akiitawala pwani kwa maliwali, askari na forodha. Mapema mwaka 1886 tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilipita pwani kuchunguza mipaka ya milki ya Sultani. Kitchener alikuwa mjumbe wa Waingereza. Walichokitafuta kama ushahidi kilikuwa bendera, vikosi vya askari na vituo vya ushuru. Urithi wa Diwani haukuwa aina ya ushahidi waliokuja kuutafuta. Kwa mapatano ya Oktoba na Novemba mwaka huo, mstari kati ya Waingereza na Wajerumani ulianzia kwenye mlango wa mto ulioitwa katika maandishi hayo "Wanga au Umbe". Jina la Vanga likaingia hivyo katika waraka wa kimataifa kama mahali pa kuanzia mstari. Nchi waliyokaa Wavumba, Wadigo na Wasegeju ikakatwa vipande viwili.

Baada ya hapo ishara zilifuatana upesi. Sarafu za Kampuni ya Kiingereza za mwaka 1888 zilibeba jua lenye taji. Tangu 1895 Waingereza walitawala huku bendera nyekundu ya Sultani ikiendelea kupepea pwani hadi 1963, ilipochukua nafasi nembo ya Kenya yenye simba wawili, mikuki, na ngao ya jogoo aliyeshika shoka.

Mwaka 2010 mwanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones alichapisha makala kuhusu nafasi ya vitu na mahali katika kuukumbuka udiwani wa Vumba Kuu. Mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya, katika Ibara ya 9, iliorodhesha alama za taifa: bendera, wimbo, nembo na muhuri wa umma. Sauti, basi, imepewa nafasi katika ngazi ya taifa. Kwa kaunti, Kwale ikiwemo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataja bendera, nembo na muhuri.